Aproni Isiyo na Kamba

Alunguli, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Faida,

Mapadri walionifundisha kuandika walisema kwamba barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali ya yule anayeandikiwa. Uniwie radhi nikiivunja kanuni hiyo. Hali yako naijua: umelala upande wa pili wa ukuta huu, mzigo wako umekwisha kufungwa, na mara kwa mara nasikia kitanda kikilia unapogeuka. Ningeweza kugonga mlango nikakuambia haya yote kwa kinywa. Jioni hii nilisimama mbele ya mlango wako, mkono nimeuinua, kisha nikarudi kuitafuta kalamu. Hilo ulijue tangu mwanzo, ili usinidhanie ujasiri ambao sina.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za namna ya kujilinda na walevi huko Kampene. Wewe ndiwe uliyeiendesha nyumba hii tangu mama yako alipotutoka, na mwanamke anayekwenda kufungua malewa yake, mkahawa wake mwenyewe, awapikie wachimbaji wanaotoka mashimoni na njaa, hahitaji mzee wa kumfundisha kuosha sufuria. Nataka kukueleza kitu kimoja tu. Utakikuta juu ya kiti karibu na mlango, pamoja na barua hii. Ni aproni, au tabulie kama wanavyosema watu wa hapa. Nimeishona mwenyewe. Utaona imepinda, utaona ina mshono katikati ya kifua ambapo aproni nyingine hazina mshono, na utaona kwamba haina kamba za kufungia. Kupinda kwake ni kosa la mkono wangu. Ule mshono pia. Lakini kamba ni jambo jingine, na kwa ajili ya hizo kamba naandika.

Uliponiambia mwanzoni mwa kiangazi kwamba utakwenda, nilijibu "Vema," nikaendelea kusoma. Sikuwa nasoma. Nilikuwa nafikiri kwamba mama yako angekuwa hai angekushonea kitu cha jikoni, akakufunga yeye mwenyewe kiunoni, akarudi nyuma hatua chache akutazame. Kwa kuwa hayupo, nikaona ni wajibu wangu. Nikafungua sanduku lake, nikatoa kile kikwembe chake, kitenge cha kahawia chenye ndege wa njano, alichokivaa siku ya ubatizo wako. Nilikikunja kikawa cha tabaka mbili, nikachora nusu ya aproni kwa chaki kama nilivyowaona mafundi wakifanya, nikakata. Nilikuwa na furaha kiasi cha kuimba. Lakini nilikuwa nimechora upande zilipo kingo mbili zilizo wazi, badala ya kuchora upande wa kunjo. Nilipoinua kitambaa hapakuwa na aproni mkononi mwangu. Palikuwa na nusu mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, na ndege kadhaa wamekatwa vichwa.

Hapa Alunguli kuna mtu mmoja tu ambaye angejua namna ya kukiokoa kile kitambaa. Unamjua. Ni Mama Zena, wa nyumba iliyo kwenye kona ya njia kuu, ambaye wewe hujawahi kumsalimu maishani mwako.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana ulilelewa katikati ya hadithi hii bila kuambiwa mwanzo wake.

Wewe unamkumbuka mama yako akishona kwa mkono, ameinamia dirisha, akilalamika kwamba tundu la sindano limezidi kuwa dogo. Mimi nilimjua na cherehani. Ilikuwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, aliyoachiwa na shangazi yake. Alifanya kazi pamoja na Mama Zena sokoni, chini ya paa moja. Zena alikata, mama yako akashona. Zena hakujua kushona mstari ulionyooka, na mama yako aliogopa mkasi. Kwa hiyo mteja aliyemtaka mmoja ilimbidi awapate wote wawili. Siku ya Idi sahani ilitoka kwake ikaja kwetu, siku ya Noeli ikatoka kwetu ikaenda kwake. Uliposhikwa na homa ya kwanza, ni Zena aliyekubeba usiku kucha.

Kisha vita ikafika mjini. Treni haikuja tena, na pamoja nayo chumvi ikatoweka. Wewe umekua ukiiona chumvi mezani, kwa hiyo nikueleze. Wanawake walitafuta mifuko mitupu iliyokuwa na chumvi zamani, wakailoweka katika maji, na maji yale wakayapikia sombe, majani yetu ya mihogo. Mfuko mmoja uliweza kulowekwa mara nyingi, ukapita nyumba hadi nyumba, mpaka maji yake yakawa maji tu. Nami nilikuwa na mfuko mmoja mzuri, mzito, ambao haukuwa umelowekwa hata mara moja. Padri mmoja alinipa alipokuwa akifunga ghala, nikatia humo vitabu vyangu.

Siku tuliyoamua kukimbilia msituni mvua ilikuwa ikinyesha mchana kutwa, na watu walijifungia ndani. Tulikubaliana kuifukia cherehani nyuma ya jiko, kwenye migomba, maana kuibeba hatukuweza, na kuiacha wazi ilikuwa sawa na kuwapa wanajeshi. Zena alisimama kwenye ua akitutazamia njia. Nikavimwaga vitabu vyangu, nikaleta ule mfuko. Mama yako alikuwa amekufunga mgongoni, na maji ya mvua yakimtiririka usoni aliniambia:

"Baba Faida, uloweke kwanza ule mufuko. Tupate hata maji ya kupikia mara moja. Kisha njo tuufunge nayo mashine."

"Hakuna wakati," nilisema.

"Wakati iko. Zena yuko analinda. Ni kutumbukiza tu."

Wakati ulikuwapo, mwanangu. Nilichokosa ni unyenyekevu. Tangu chumvi ikosekane nilikuwa nimemkataza mama yako kuloweka mifuko kama wanawake wengine. Niliona ni aibu kwa nyumba ya mwalimu, na nikamwambia kwamba afadhali tule sombe isiyo na chumvi kuliko majirani waone tunakunywa maji ya gunia. Siku ile, hata tukikimbia, nilikuwa bado mwalimu. Nikaitia cherehani ndani ya mfuko mkavu, nikaukaza kwa kamba, nikaufukia katika udongo uliolowa.

Fundi yeyote wa baiskeli angeniambia chumvi na maji vinafanya nini kwa chuma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha watoto jambo hilo darasani.

Tuliporudi, jiko lilikuwa limeungua lakini migomba ilikuwapo. Mama yako alikuwa na malaria, amelala. Nikaenda kuchimba peke yangu ili nimfurahishe. Mfuko ulikuwa umeshikamana na chuma kama ngozi. Nilipoubandua, cherehani yote ilikuwa imevimba kutu nyekundu, na juu yake utando mweupe. Nilijaribu kuzungusha mkono wake, ukakatika. Nikakaa pale kwenye migomba nikiutazama ule utando mweupe. Nilijua kwamba mama yako akiuona hataniuliza neno lolote. Atautazama tu, kisha atanitazama mimi. Hilo niliona siliwezi.

Nikaitia katika kapu, nikaifunika kwa majani ya mihogo, nikashuka mtoni na kuitupa mahali penye kina. Nikarudi, nikafukia shimo nusu, nikaingia ndani nikamwambia mama yako: "Shimo liko tupu."

Sikusema neno jingine. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo mbele ya nafsi yangu: kwamba sikumtaja mtu. Lakini mahali pale palijulikana na watu watatu tu, na wawili kati yao walikuwa chumbani mle. Mama yako, homa ikimtetemesha, akasema polepole, "Zena."

Nami nikanyamaza.

Juma lililofuata walikutana kwenye chemchemi, wanawake wengine wakiwapo. Nilikuwa nimemsindikiza kwa sababu bado alikuwa dhaifu, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Zena, dada yangu, unirudishie mashine yangu. Sitasema kwa mutu."

"Mashine gani? Si iko kwenu mulipoifukia?"

"Shimo iko bule. Mutu wa kujua ni weye."

Zena alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, aliiweka ndoo chini. "Anjelina, unaniita mwizi? Miye? Mbele ya watu?" Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, weye uliona nini? Sema basi. Mwalimu!"

Nilikuwa nimekushika wewe mkononi, unajifunza kutembea. Nikainama nikakufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Hivyo ndivyo ulivyokua, ukipitishwa njia ya nyuma, yenye matope, ili usipite kwenye kona ile. Siku moja ulirudi na kitumbua mkononi, umepewa na Zena, na mama yako akakitupa kwa kuku. Ulilia, ukaniuliza kwa nini, nikakuambia nenda ukamalize hesabu zako. Mama yako hakushona tena kwa mashine. Sikuwahi kumpatia nyingine, na alipoitaja nilimwambia kwamba na hiyo pia itaibwa. Mwanangu, nilisema hivyo. Na katika ugonjwa wake wa mwisho, nikimshikia kikombe, aliniambia: "Zena ningemusamehe, angerudisha hata ule mukono ya kuzungushia. Hata ule tu." Nikamwambia apumzike.

Siku ya matanga, Zena alikuja. Unaikumbuka, najua, maana tangu siku ile ukitaja jina lake unageuza uso. Alisimama nje ya ua, amejifunika kitambaa kichwani, hakuthubutu kuingia. Wewe ndiwe uliyemwendea. Ulisema kwa sauti iliyofika hadi nilipokuwa nimekaa na wazee: "Mama, rudi kwenu. Hapa hakuna mashine ingine ya kuiba." Wanaume walitikisa vichwa kwa kukusifu, wakasema mtoto ana uchungu wa mama yake. Yeye akageuka akaenda. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikipokea pole za watu.

Katika yote niliyokutendea, hili ndilo linalonizuia kulala. Kosa la cherehani nililifanya mimi. Lakini neno lile la matangani nilikutia wewe kinywani, na ulilisema ukiamini kwamba unatenda haki.

Sasa turudi kwenye aproni.

Nilibeba zile nusu mbili hadi kwenye kona. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mwalimu yupi? Ule wa kuvuka barabara akiniona?"

"Ndiye huyo, Mama. Naomba radhi kukusumbua."

Alitoka akiwa na kijiko mkononi. Amezeeka, lakini ulimi wake haujazeeka. Nilifungua kitambaa nikamweleza kwamba Faida anakwenda Kampene kupika, na kwamba nimejaribu kumshonea tabulie. Akazichukua zile nusu, akaziinua, akazitazama moja moja.

"Mwalimu, huyu mutoto wako iko na kifua ngapi? Ama umezaa mapacha, ukatuficha?"

Kisha akawaona wale ndege. "Hii njo ya Anjelina," alisema. "Hii miye nilimukatia." Akakaa kwenye benchi na kitambaa mapajani, na kwa muda mrefu hakunitazama. Nilidhani atanifukuza. Mwisho akasema, "Kaa basi. Unasimama kama polisi."

Nimekuwa nikienda huko kila alasiri, nawe ulidhani naenda kusali. Alinifundisha kuunganisha nusu mbili, kupinda pindo mara mbili ili nyuzi zisichomoke, kukaza uzi bila kukunja kitambaa. Nilijichoma kila siku. "Unashona ama unapima damu?" aliniuliza. Yeye mwenyewe hawezi tena kuona tundu la sindano, kwa hiyo mimi nilitunga uzi na yeye akanielekeza. Na mishono yake, uniamini, imepinda kuliko yangu. Mfuko wa aproni ni kazi yake, utauona umeinama upande mmoja. Tulicheka. Faida, nilikaa pale nikacheka na mwanamke yule, nikinywa chai yake, na bado sikuwa nimemwambia.

Nilimwambia siku tuliyomaliza pindo la chini. Alikuwa amesema tu, bila ubaya, "Anjelina angeimaliza hii kwa mashine mbele ya chai kupoa." Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema yote: mfuko, chumvi, kutu, mto, shimo. Nikasema na la kiatu chako.

Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Alikufa hajui?"

"Hajui."

"Miye nilifikiri aliiuzisha," alisema. "Miaka yote hii nilifikiri, ile njaa ilimushinda, akaiuzisha, akasikia haya, njo akanitupia miye. Nilimukasirikia Anjelina mpaka ku kaburi. Unasikia, Mwalimu? Mpaka ku kaburi." Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba. Sikujua kama niondoke au nibaki. Kuondoka niliona ni kukimbia tena.

Alipotoka alikuwa na macho mekundu. Hakusema kwamba amenisamehe, na hajasema hadi leo. Alilishika lile pindo, akalivuta, akasema limepinda. Nikamwomba tumalizie kamba, kwa kuwa siku za safari zimekaribia. Akanijibu, nami nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Kamba sishoni. Kamba wanapima ku mwili ya mwenyewe, hawakisii. Umulete Faida hapa, asimame mbele yangu, nimufunge. Lakini umuambie kwanza. Asiingie kwangu akifikiri anaingia kwa mwizi."

Alisema nikuambie kwa kinywa. Leo asubuhi ulipokuwa ukipepeta mchele nilianza, nikaishia kuuliza kama mchele utatosha. Kwa hiyo hata agizo lake nimelitimiza kwa nusu, na kwa hilo pia naomba radhi, kwako na kwake.

Sina mashauri mengi ya kukupa. Nilifikiri baba huandika barua kama hii kwa sababu ana hekima; mimi nimeiandika kwa sababu hekima niliyokuwa nayo niliitumia kujificha. Lakini kwa kuwa unakwenda jikoni, niseme moja. Siku utakapounguza maharagwe, waambie watu umeyaunguza, kabla hawajaonja, na kabla mtu hajamtazama msichana anayekusaidia kana kwamba kosa ni lake. Watakasirika, watakula ndizi, kesho watarudi. Na akikuambia mtu wa chini yako kwamba loweka kwanza, tafadhali, mwanangu, loweka.

Kuhusu neno ulilolisema matangani: usilibebe. Ni langu. Nimemwambia Mama Zena kwamba ni langu. Lakini najua ulivyo, na najua hutalitua kwa sababu tu nimekuambia ulitue. Pengine ndiyo maana anataka kukuona umesimama mbele yake.

Kijana wa pikipiki atakuja alfajiri. Nimemwomba asije hapa. Atakungoja kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Zena. Ukitaka kwenda Kampene bila kuingia kule, hakuna atakayekuzuia. Aproni bila kamba inaweza kushikwa na pini.

Mimi sitakuwapo nyumbani utakapoamka. Nitakuwa nimekwisha kwenda kukaa kwenye benchi la Mama Zena, kumtungia uzi, kwa sababu alfajiri macho yake hayafai kitu. Utatukuta wote wawili. Una haki ya kunikasirikia, na safari yako ni ndefu. Ukiona huwezi kunisalimu, nipite tu, mimi nitaelewa, nimekufundisha mwenyewe namna ya kumpita mtu. Lakini yeye, Faida, msalimu. Msalimu kwanza, kabla hajakufunga.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja kwenye kona.